Kijani hafifu kwenye ramani: kuufungua wimbo wa askari wa miaka 19

Mwaka 1983, wimbo wa askari mstaafu wa vita vya Vietnam anayemuuliza daktari wake kwa nini hapati usingizi ulishika namba moja nchini Australia kwa wiki mbili. Unaitwa "I Was Only 19", yaani nilikuwa na miaka 19 tu, na ulipigwa na bendi ya Redgum ya mjini Adelaide. Mbele kuna gitaa kavu na sauti ya mwanamume mmoja anayesimulia bila kupaza, na simulizi yake imejaa majina yasiyojulikana sana nje ya Australia: Puckapunyal, Canungra, Shoalwater, Nui Dat, Vung Tau, Channel Seven. Mtu wa Mombasa au Mwanza anayekutana nao leo kwenye simu yake anaisikia huzuni barabara. Kinachompita ni habari yenyewe: anayezungumza ni nani, walikanyaga nini, upele anaomwonyesha daktari umetoka wapi, na kwa nini wimbo una jina la pili la ajabu, "A Walk in the Light Green", matembezi kwenye kijani hafifu.

Askari wa wimbo huu ana majeraha mawili makubwa. La kwanza ni mlipuko uliowaangusha wenzake, la pili ni ngozi na akili vinavyomsumbua miaka mingi baadaye. Ukifuatilia habari zake utakuta kwamba mlipuko ule, kwa kila dalili, ulikuwa wa bomu lililotegwa ardhini mara ya kwanza na jeshi la nchi yake mwenyewe, na kwamba dawa anayoishuku kwa upele ule ilimwagwa na ndege za nchi rafiki. Wimbo hausemi hivyo popote. Waliopigana Vietnam waliyajua hayo na hawakuhitaji kuelezwa. Sisi wengine tunahitaji, na tukishaelezwa wimbo unabadilika masikioni.

Masharti ya Mick

Redgum ilizaliwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Flinders, kwa wanafunzi waliokuwa wakisoma somo lililounganisha siasa na sanaa. Ilikuwa bendi ya mrengo wa kushoto na haikuficha. Mtunzi na mwimbaji wake, John Schumann, alizaliwa mwaka 1953 na hakuwahi kwenda vitani: serikali ya Gough Whitlam ilifuta uandikishaji wa lazima jeshini Desemba 1972, kabla hajafikisha umri. Kwa mtu wa aina yake, jambo rahisi lingekuwa kutunga wimbo wa kulaani vita kwa jumla, na nyimbo hizo zilikuwa zimejaa tele.

Mambo yakabadilika kwa sababu ya ndoa. Mwanamke aliyemuoa Schumann alikuwa na kaka, Mick Storen, aliyepigana Vietnam na Batalioni ya Sita ya Royal Australian Regiment, inayojulikana kwa kifupi kama 6RAR. Storen, kama wenzake wengi, alikuwa amerudi akanyamaza. Schumann alipomwomba amsimulie, alikubali kwa masharti. Asiwatukane wala kuwadhalilisha wenzake, na wimbo ukiwa tayari yeye ausikie kwanza, asipoupenda, usitoke. Ndipo Storen akazungumza huku kaseti ikirekodi.

Masharti hayo yanaeleza mambo mengi ambayo wasikilizaji huyashangaa. Bendi ya siasa ilitoa wimbo wa vita usio na kaulimbiu hata moja. Hakuna waziri anayetajwa, hakuna anayelaaniwa, hakuna ubeti wa kusema vita ni vibaya. Schumann alijifunga kusema tu yale ambayo askari mwenyewe angeyatambua, na ndiyo maana wimbo umejaa vitu vya kushikika: bunduki ya SLR, kofia ya ukingo uliokunjwa upande mmoja, bia za kopo, picha za warembo zilizobandikwa kwenye makabati ya chuma, kipande cha gazeti kinachowaonyesha wakiwa vijana wasafi wenye nguvu. Hata mstari wa kwanza, ambamo msichana anatajwa kwa jina la nyumbani akiwa pamoja na wazazi kwenye gwaride la kuhitimu kwenye kambi ya mafunzo ya Puckapunyal, ni wa kweli. Msichana huyo ni dada yake Storen, ndiye aliyekuja kuwa mke wa Schumann.

Kwa hiyo anayezungumza kwenye wimbo ni Mick, kwa kinywa cha shemeji yake. Na anayeambiwa ni daktari.

Jambo la daktari lisipite haraka. Beti zinakwenda mbele kwa mpangilio wa safari: mafunzo, kuagwa mjini Townsville, meli, helikopta za Chinook kutoka Vung Tau hadi kwenye vumbi la Nui Dat, doria, mlipuko. Lakini kila kiitikio kinamtoa askari msituni na kumrudisha kwenye chumba cha daktari, miaka mingi baadaye, akiuliza maswali. Mara ya kwanza anauliza kwa nini halali na kwa nini hata sasa anausikia usiku wa msituni na bunduki ya M16 ikibweka. Baadaye swali linakuwa la helikopta ya Channel Seven, kituo cha televisheni, inayopita juu ya nyumba yake kufuata habari za mjini. Kwa nini mlio wake unamtia baridi mpaka miguuni? Msikilizaji wa Sydney mwaka 1983 aliiona helikopta hiyo hiyo kila wiki. Mtunzi alichukua sauti ya kawaida ya mji na kuonyesha inavyomwingia mtu aliyebebwa na helikopta kwenda kwenye mapigano kwa miezi kadhaa.

Wakati huo hata madaktari walikuwa hawajalizoea jibu. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilikuwa kimeliingiza tatizo la msongo unaotokana na kiwewe kwenye mwongozo wake mwaka 1980 tu. Askari wa wimbo anaeleza dalili zake zote bila kuwa na jina la ugonjwa, kwa sababu wengi wa wenzake walikuwa hivyo hivyo.

Ramani, na kile kilichofukiwa

Sasa tuje kwenye kijani hafifu, ambako ndiko kiini cha wimbo kilipo.

Australia ilipeleka Vietnam karibu watu 60,000 katika miaka yote ya vita hivyo. Zaidi ya 520 walikufa na takriban 3,000 walijeruhiwa. Kuanzia mwaka 1966 walipewa mkoa wa Phuoc Tuy, kusini mashariki mwa Saigon, na wakajenga kambi yao kuu Nui Dat, kwenye shamba la mipira. Vung Tau, mji wa pwani, ulikuwa bandari yao na mahali pa mapumziko. Wimbo unamkumbuka Frankie, mwenzake msimulizi, akinywa bia huko kwenye ruhusa ya saa 36.

Mwaka 1967 kamanda wa kikosi kazi cha Australia, Brigedia Stuart Graham, alikuwa na batalioni mbili tu na eneo lililomzidi. Vijiji vyenye watu na mpunga vilikuwa upande wa Dat Do. Wapiganaji wa Viet Cong, waliopigana na serikali ya Saigon na washirika wake, walikuwa wamejichimbia kwenye vilima vya Long Hai na misitu ya jirani, na usiku waliteremka vijijini kuchukua chakula, habari na vijana wa kujiunga nao. Graham akaamua kuwatenganisha kwa kizuizi. Kuanzia Machi mwaka huo wahandisi wake walijenga uzio wa urefu wa kilomita 11 kutoka Dat Do hadi karibu na bahari, seng'enge mbili sambamba, na katikati yake wakatega mabomu zaidi ya 20,000 ya aina ya M16. Baadhi yao walikufa katika kazi hiyo hiyo ya kuyatega.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wasikilizaji. M16 inayobweka kwenye kiitikio ni bunduki ya Kimarekani. Bomu lililowalipua vijana wa wimbo ni kitu kingine kabisa chenye jina hilo hilo. Ni kopo la chuma linalofukiwa ardhini, na juu yake vinachomoza vichomeo vitatu vyembamba, vifupi kiasi cha kufichwa na majani makavu. Mguu ukivigusa, au ukivuta waya uliofungwa kwenye bomu, baruti ndogo ya chini inalirusha kopo zima hewani hadi usawa wa kiuno, kisha linapasuka na kutawanya vipande vya chuma pande zote. Filamu zimetuzoesha mtu aliyekanyaga bomu akasimama tuli, akijua kwamba litalipuka atakapounyanyua mguu. Kwa M16 nafasi hiyo haipo. Na kwa kuwa linapasukia juu, halimdhuru aliyekanyaga peke yake. Linawakata walio mbele yake, walio nyuma, na hata walio mita nyingi kando. Ndiyo sababu bomu moja liliweza kuiangusha platuni nzima.

Kanuni ya kijeshi inataka eneo la mabomu liangaliwe na kulindwa kwa risasi wakati wote, la sivyo adui ataliingia kwa nafasi yake. Waaustralia hawakuwa na watu wa kulinda kilomita 11, na kazi hiyo ikaachiwa askari wa serikali ya Saigon wa mkoa huo, ambao hawakuifanya ipasavyo. Maofisa wengine walikuwa wameonya mapema. Chini ya sehemu ya mabomu hayo wahandisi waliweka mitego ya kulipuka pindi mtu akijaribu kuling'oa bomu, na wapiganaji wa kwanza waliojaribu walikufa. Waliofuata wakajifunza. Waliingia usiku, wakapapasa kwa vidole, wakatoa mtego, wakabeba kopo. Walichimbua mabomu kwa maelfu, wakayatega upya mahali ambapo walijua Waaustralia watapita: kwenye njia za kupandia vilima, kwenye vivuko vya vijito, chini ya mti wenye kivuli kizuri ambapo platuni iliyochoka ingekaa kupumzika.

Hivyo kwa miaka iliyofuata askari wa Australia walikuwa wakilipuliwa na mabomu yaliyotegwa kwanza na jeshi lao wenyewe. Waliouawa na mabomu ya uzio ule wanahesabiwa kwa makumi, na waliojeruhiwa kwa mamia. Mimi sijui kosa jingine la kijeshi la vita vile lililowarudia waliolifanya kwa namna ya wazi hivyo, na inanishangaza kila mara kwamba wimbo uliotokana nalo haulitaji.

Ramani za kijeshi walizobeba maofisa zilionyesha uoto kwa rangi. Msitu mnene ulichapwa kwa kijani kilichokolea. Vichaka, miti michache na sehemu za wazi vilichapwa kwa kijani hafifu. Kwa mtu asiyejua, kijani hafifu ni afadhali: unaona mbali, hutembei gizani, hakuna wa kukushtukia. Askari wa Phuoc Tuy walijua vingine. Kwenye msitu mnene ungekutana na adui ana kwa ana, na mapambano hayo walikuwa wameyafanyia mazoezi. Kwenye kijani hafifu, karibu na vijiji na chini ya vilima, ndiko yalikokuwa mabomu. Ofisa akikunjua ramani asubuhi na kidole chake kikapita kwenye kijani hafifu, kila aliyekuwa akichungulia alielewa siku itakuwa ya namna gani.

Ukirudi sasa kwenye ubeti wa doria ya wiki nne, ambamo kila hatua ingeweza kuwa ya mwisho kwa mtu mwenye miguu miwili, unaona kwamba anaeleza hali halisi. Anasema vilikuwa vita ndani ya nafsi ya mtu, na ni sahihi kabisa. Risasi unaweza kuijibu. Bomu la ardhini halina wa kujibiwa. Unabaki wewe, mguu wako, na kuamua pa kuuweka, mara maelfu kwa siku.

Siku ya mwezi

Batalioni ya Sita iliondoka Townsville mwezi Mei 1969 kwa meli ya HMAS Sydney, ambayo ilikwenda na kurudi mara nyingi mpaka ikabandikwa jina la feri ya Vung Tau. Hii ilikuwa zamu yake ya pili Vietnam. Katikati ya Julai ikaanza operesheni iliyopewa jina Mundingburra, ambalo ni jina la kitongoji cha Townsville, kwenye eneo lile lile la Dat Do na Long Hai. Ni operesheni ya takriban wiki nne, kama wimbo unavyosema.

Tarehe 21 Julai 1969, kwa saa za Vietnam, Neil Armstrong alikuwa akitembea mwezini. Siku hiyo hiyo Platuni ya 3 ya Kombania A ilikanyaga M16. Schumann aliziweka hatua hizo mbili kwenye mstari mmoja, mguu wa binadamu mwezini na mguu wa Frankie kwenye bomu, na ni mstari unaokumbukwa kuliko yote. Wengi hudhani ni ufundi wa mshairi aliyetafuta tarehe ya kupendeza. Tarehe hakuitafuta, aliikuta kwenye simulizi la shemeji yake.

Alichokibadilisha ni aliyekanyaga. Frank Hunt, Frankie wa wimbo, alikuwepo na alijeruhiwa vibaya sana. Aliyelikanyaga bomu alikuwa kamanda wa platuni, Luteni Peter Hines, naye aliuawa. Wengi wa platuni waliumia. Mtunzi alihitaji mtu mmoja ambaye msikilizaji angemjua kutoka kwenye baa ya Vung Tau hadi kwenye mlipuko, na akamchagua Frankie. Watu wengi wanaousikia wimbo kwa mara ya kwanza huamini Frankie alikufa pale. Hunt alirudi nyumbani akiwa hai, akaishi na maumivu ya majeraha yake, na miaka ya baadaye akawa anajitokeza hadharani kuzungumzia siku ile.

Nadhani Schumann alikuwa na haki ya kufanya hivyo, maana wimbo una dakika chache tu na hauwezi kuwabeba watu 30. Lakini ni haki pia jina la Hines litajwe kila habari hii inapoelezwa.

Kwa nini 19

Kuna ubishi wa kudumu kuhusu umri huu. Kwa kuwa wimbo unataja kuvuta kadi, wasikilizaji wengi hudhani msimulizi alilazimishwa kwenda kwa bahati nasibu. Na kweli Australia ilikuwa na bahati nasibu ya namna hiyo. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1972, gololi zenye tarehe za kuzaliwa ziliwekwa kwenye pipa na kuchezeshwa. Tarehe yako ikitoka, unaitwa. Vijana zaidi ya 63,000 waliandikishwa hivyo, na zaidi ya 15,000 kati yao walipelekwa Vietnam. Lakini utaratibu huo uliwahusu waliofikisha miaka 20. Mwenye miaka 19 aliyekuwa Phuoc Tuy alikuwa amejiandikisha kwa hiari yake katika jeshi la kudumu.

Hilo linaongeza uzito badala ya kuupunguza. Katika beti za mwisho msimulizi anaikumbuka sifa ya Anzac, yaani heshima kubwa ambayo Waaustralia huwapa askari wao tangu kutua Gallipoli mwaka 1915, na anasema sifa hiyo haikutaja matope, damu wala machozi. Anazikumbuka hadithi alizosimuliwa na baba yake, ambazo hazikuwahi kumwingia kama mambo ya kweli. Kijana aliyeburutwa angekuwa na wa kumlaumu. Huyu alikwenda kwa kuamini, na umri wa kupiga kura wakati huo ulikuwa 21. Anapomwita Mungu mwishoni mwa kiitikio na kusema alikuwa na miaka 19 tu, anamwomba radhi yule kijana wa kwenye picha ya gazeti.

Upele

Swali la mwisho kwa daktari ni la upele unaokuja na kuondoka: anataka kujua maana yake. Msikilizaji wa leo anaweza kuuona kama jambo dogo lililopachikwa baada ya mambo makubwa. Mwaka 1983 lilikuwa jambo la kisiasa kuliko yote yaliyomo.

Kati ya 1962 na 1971 jeshi la Marekani lilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea juu ya Vietnam, ili kupukutisha majani yaliyowaficha wapiganaji na kuharibu mazao yaliyowalisha. Iliyotumika zaidi ilikuwa Agent Orange, iliyopewa jina kutokana na mstari wa rangi ya machungwa kwenye mapipa yake. Ilichanganywa kutoka dawa mbili za magugu zilizokuwa za kawaida mashambani, na moja ya hizo, wakati wa kutengenezwa, ilichafuka kwa dioksini, sumu kali inayokaa muda mrefu kwenye udongo na kwenye mafuta ya mwili. Mojawapo ya athari zake zinazojulikana tangu zamani kwenye viwanda ni ugonjwa wa ngozi wa vipele na chunusi nzito. Phuoc Tuy nao ulimwagiwa. Wimbo unayaingiza maneno hayo kwa ujanja mzuri: msimulizi anaelezea machweo yanayopenya vichakani na kuyaita ya Agent Orange, kana kwamba anasifia rangi ya jua.

Maveterani wa Australia walikuwa wameshaunda chama chao cha kudai majibu, na Redgum iliamua mapato ya wimbo yaende kwa chama hicho. Mwezi Machi 1983 chama cha Labor cha Bob Hawke kilishinda uchaguzi. Mwezi Mei serikali ikaunda Tume ya Kifalme chini ya Jaji Phillip Evatt kuchunguza madhara ya kemikali hizo kwa askari. Wimbo na tume viliingia masikioni mwa taifa katika miezi ile ile. Hauwezi kusemwa kuwa ndio ulioileta tume, kwa maana maveterani walikuwa wameihangaikia kwa miaka. Ulichofanya ni kuwafanya watu wasiomjua veterani hata mmoja waelewe kinachodaiwa.

Ripoti ilitoka mwaka 1985, na hitimisho lake likawa kwamba Agent Orange haina hatia. Maveterani walikasirika, na hasira yao ilizidi ilipobainika kwamba sehemu ndefu za ripoti zilifuata karibu neno kwa neno maelezo yaliyowasilishwa na Monsanto, moja ya kampuni zilizotengeneza dawa hiyo. Mwaka mmoja kabla, nchini Marekani, kampuni hizo zilikuwa zimekubali kulipa dola milioni 180 kumaliza kesi ya maveterani, wakiwemo wa Australia na New Zealand, bila kukiri kosa. Katikati ya miaka ya 1990, baada ya wanasayansi wa Marekani kupitia upya ushahidi, serikali ya Australia ilianza kukubali uhusiano kati ya dawa hizo na magonjwa kadhaa, zikiwemo aina za saratani. Miaka kumi ni mingi kwa mtu mgonjwa, na wapo waliokufa wakisubiri.

Hadhi ya maveterani mbele ya umma ilibadilika mapema zaidi. Tarehe 3 Oktoba 1987 maelfu yao waliandamana katikati ya Sydney katika gwaride la kuwakaribisha nyumbani, karibu miaka 15 baada ya wa mwisho wao kurudi. Mnara wa kumbukumbu yao mjini Canberra ulizinduliwa tarehe ile ile mwaka 1992, na kwenye ukuta wake, kati ya maneno yaliyochongwa, mna mistari ya wimbo huu. Mwaka 2005 kundi la hip hop la The Herd liliurudia kwa mdundo mpya na Schumann akaimba humo, wakati ambapo Australia ilikuwa na askari Iraq. Vijana wengi wa nchi hiyo wanaujua kwa toleo hilo.

Asiyekuwemo

Pamoja na mapenzi yangu yote kwa wimbo huu, kuna pengo ambalo sitaki kulifunika. Hakuna Mvietnamu hata mmoja ndani yake. Kuna msitu wao, mji wao wa pwani, vumbi lao na machweo yao. Adui hana uso, na mkulima wa Dat Do hayupo kabisa. Masharti ya Mick yanaeleza kwa nini: Schumann aliahidi kusimulia aliyoyaona askari mmoja, na askari wa doria aliyekuwa akitazama pa kuweka mguu hakuona mengi zaidi. Sababu naikubali. Pengo bado lipo.

Maana mambo yale mawili yaliyomuumiza Mick na wenzake yaliwaumiza watu wa pale kwanza na kwa muda mrefu zaidi. Uzio wa kilomita 11 ulipita kando ya mashamba na malisho ya vijiji, na M16 haichagui kati ya buti ya askari na mguu mtupu wa mtoto anayefuata ng'ombe. Askari alihesabu siku za zamu yake akaondoka. Mwanakijiji alibaki na ardhi ile ile. Na dioksini haikuondoka na majeshi. Imeingia kwenye matope ya mabwawa, kwenye samaki na bata, na kutoka hapo kwa watu, na Vietnam inaendelea kuwahudumia watoto na wajukuu wa waliomwagiwa ambao wamezaliwa na ulemavu. Sehemu zilizochafuka zaidi ni viwanja vya ndege ambako mapipa yalihifadhiwa na kupakiwa. Da Nang ulisafishwa kwa fedha za Marekani na kazi ikamalizika mwaka 2018. Bien Hoa, kaskazini magharibi mwa ilipokuwa kambi ya Nui Dat, una udongo mwingi zaidi wa kutibiwa; kazi ilizinduliwa mwaka 2019 na ilipangwa kuchukua miaka mingi.